Asali Si Sukari

Jumatatu, 5 Agosti 1974

Nimerudi nyumbani Ikonge. Wiki tatu nimelazwa hospitalini Kisii. Vidonda vya tumbo. Daktari kaniambia niache pilipili, niache chai kali, nile kidogo kidogo mara nyingi, na nipunguze wivu. Hayo matatu ya kwanza nitajaribu. La nne ni gumu, maana naishi jirani na Drusilla.

Shajara hii naiandika kwa Kiswahili kwa ajili ya usalama. Mke wangu Nyamoita aliacha shule darasa la nne, na Biblia yake ni ya Ekegusii.

Chakula cha leo: boga lililopondwa kwa maziwa, na mboga laini isiyo na pilipili. Nikamuuliza Nyamoita kajifunza wapi kupika chakula cha mtu asiye na meno. Akasema kwa Drusilla. Kumbe nilipokuwa nimelazwa, mjane huyo amegeuza jiko lake kuwa shule. Kila Jumatano alasiri wanakusanyika watu wenye sukari, wenye presha, wenye vidonda, na wale wanaowapikia. Mmoja anajua namna ya kuiondoa mboga ya chinsaga uchungu kwa maziwa bila chumvi nyingi, anawaonyesha wenzake. Mwingine anajua uji wa wimbi usiomdhuru mwenye tumbo bovu. Nikauliza mwalimu ni nani. Nyamoita akasema hakuna mwalimu, kila mtu analeta anachojua.

Shule isiyo na mwalimu! Nikaketi wima.

Na kuna kubwa zaidi. Mchungaji Mogire ametangaza kwamba mapishi hayo yatakusanywa yawe kijitabu, kichapwe kwa stensili pale shuleni, kisambazwe makanisa yote mpaka Nyamira. Anatafutwa mtu mwenye mwandiko mzuri. Kijitabu huwa na jina la mwandishi kwenye jalada.

Boga lilikuwa tamu. Sikulisema hilo kwa sauti.

Jumanne, 6 Agosti

Nimekwenda kwa Drusilla nimevaa koti. Nikamweleza sifa zangu. Nimekula chakula cha wagonjwa mara tatu kwa siku, siku ishirini na moja, yaani milo sitini na mitatu. Katika lokesheni nzima hakuna aliyenifikia. Akanisikiliza huku anachambua mboga. Mwanamke mfupi, mpole, asiyekatiza maneno ya mtu. Ndicho kinachoudhi.

Nilipomaliza akasema nakaribishwa sana, ila wamewekeana sharti moja: mtu haandiki chakula ambacho hajakipika. Akanisogezea kisu na mafungu mawili ya chinsaga.

Mimi, mwanamume mzima, nina mkwe, niketi jikoni kwa mjane nichambue mboga huku wake za watu wakinitazama. Nikamwambia nina mkutano. Akauliza mkutano na nani. Hapo sikuwa nimefikiria.

Njiani nikaliona kosa lake. Darasa lake lote ni la kupunguza. Punguza chumvi. Punguza mafuta. Pima ugali. Acha sukari. Hakuna binadamu anayependa kupunguziwa. Mimi nitafungua darasa la kuruhusu.

Alhamisi, 8 Agosti

Kikao cha kwanza, barazani kwangu. Wamekuja wawili.

Wa kwanza ni Ombui, jirani wa bondeni. Presha. Daktari kamwambia aache chumvi, na tangu hapo anakula huku akilalamika kama ng'ombe aliyenyimwa magadi. Nikamweleza kwamba chumvi mbaya ni ya dukani, ile ya mashine. Atumie maji ya majivu ya maganda ya maharage, walivyofanya babu zetu, na amwage tele. Babu zetu hawakuwa na presha. Ombui akasema babu yake alianguka ghafla shambani akafa. Nikasema lile lilikuwa jua.

Wa pili ni Mzee Abner Onyancha. Huyu si mtu mdogo. Mwalimu mkuu mstaafu, mzee wa kanisa, nusu ya Ikonge amewafundisha na nusu hiyohiyo amewachapa. Ana ugonjwa wa sukari. Tangu Machi hajaonja kitu kitamu, na amekonda kwa huzuni kuliko kwa ugonjwa. Kila Jumatano mkaza mwana wake Bosibori humpeleka kwa Drusilla, wanampimia ugali kama mtu anayepewa dawa.

Alisogeza kiti chake karibu na changu. Kisha akauliza, kwa sauti ndogo nisiyoijua, habari za asali.

Nilimwona anavyonitazama. Mtu mzima, ndevu nyeupe, ananitazama kama mtoto aliyesimama nje ya duka. Nikamwambia, "Asali si sukari, Mwalimu. Sukari hutoka kiwandani. Asali hutoka kwa nyuki."

Akafumba macho. Akasema zamani nilikuwa mwanafunzi mwenye akili. Mwaka wa 1939 aliniita gogo mbele ya darasa zima, lakini mtu anaruhusiwa kubadilisha mawazo.

Jumamosi, 10 Agosti. Sabato

Siku kubwa. Baada ya ibada watu walisimama vikundi vikundi uani, na habari ya darasa langu ilikuwa imefika kabla yangu. Ombui kawaambia wote kwamba amekula mboga yenye ladha kwa mara ya kwanza tangu Pasaka. Watu sita wakaniuliza darasa linaanza saa ngapi. Mama mmoja aliyekatazwa mafuta akauliza kama mafuta ya ng'ombe wa kienyeji nayo ni mafuta. Nikasema tutalichunguza.

Ndipo Drusilla akaja. Polepole, Biblia kwapani. Akanisalimu vizuri, akauliza hali ya tumbo langu. Halafu, watu wote wakisikia, akasema, "Baba Kemunto, mimi sikusoma sana. Nieleze tu. Hiyo asali Mzee Abner akishaila, inaingia wapi? Kwenye damu au kwenye kofia?"

Wakacheka. Hata Mchungaji Mogire alitazama kando. Nikajibu kwa Maandiko: Kanaani ilikuwa nchi ya maziwa na asali, na Mungu hawezi kuwaahidi watu wake ugonjwa. Wazee wa kanisa wakaitika amina. Mzee Abner aliitika kwa sauti kubwa kuliko wote.

Drusilla alimtazama Mzee Abner tu. Nimehesabu kuwa ushindi.

Jumapili, 11 Agosti

Tatizo dogo. Watu wanane wanakuja Jumatano, siku ileile ya Drusilla, na sina chakula hata kimoja ninachojua kukipika. Nikashuka Kisii kutafuta maarifa.

Nyuma ya soko kuna hoteli ndogo ya Samsam, mke wa Abdinasir wa duka la vitambaa. Nilisikia hospitalini kwamba mumewe ana sukari na yeye humpikia vizuri sana. Nikajifanya mimi ndiye mgonjwa wa sukari. Ni mwanamke mkarimu mno. Akaniita nyuma, jikoni kabisa, akanionyesha kila kitu: mchuzi wa ndengu, mboga za majani nyingi kuliko wali, chai ya maziwa yenye iliki na tangawizi ambayo ulimi hauulizi sukari iko wapi. Akasema siri yake ni kikombe kimoja cha bati anachopimia wali wa mumewe, na kikombe hicho hakibadilishwi hata aje mgeni gani. Alieleza mara mbili ili nisisahau. Nilikuwa nimesahau kuleta kalamu.

Abdinasir alikuwa ameketi mlangoni, mguu juu ya stuli, umefungwa bandeji. Vidole viwili havipo. Samsam akasema ilikuwa miaka ile walipokuwa wakidharau, wakidhani tende na asali hazina neno kwa kuwa ni neema. Akanisihi kama ndugu yake nisifanye hivyo.

Nimemhurumia sana. Viatu vya mjini vinabana.

Kabla ya kuondoka nikala bajia sita za pilipili, kwa heshima ya mwenyeji. Njia nzima ya kurudi nimejikunja kama kambale kwenye moshi. Nimemwambia Nyamoita ni boga lake la juzi.

Jumatano, 14 Agosti

Nilimwomba Nyamoita apike mbele ya darasa nami nieleze. Akasema Jumatano ana kazi kwa Drusilla. Nikamkumbusha mume wake ni nani. Akasema anakumbuka kila anapofua shati langu. Akafunga kitambaa akaenda.

Basi nikapika mwenyewe. Nje, kwa mafiga matatu niliyoyapanga barazani. Jiko la nje si jikoni, kwa hiyo hakuna mila iliyovunjwa.

Kwangu watu kumi na mmoja. Kwa Drusilla sita, mmoja wao mke wangu. Nasikitika kwamba hakuna aliyepiga picha.

Chakula: uji wa wimbi, ndizi mbivu za kuponda, asali. Unga niliutia maji yakiwa yanachemka, ukafanya madonge kama mawe ya mto. Nikasema ni ya kutafuna, yanaimarisha fizi. Chini ukaungua. Nikasema moshi ni dawa. Mama wa mafuta akaonja akasema amekumbuka kwamba ameacha mtoto nyumbani. Mtoto huyo yuko kidato cha tatu.

Lakini Mzee Abner alikunywa vikombe vinne. Asali alijimiminia mwenyewe. Alikunywa akatabasamu, akafuta ndevu, akatusimulia habari za miaka ya vita alivyotembea kwa miguu kwenda kuchukua vitabu vya shule. Sijawahi kumwona akifurahi hivyo. Akasema tangu Machi alikuwa akiishi kama mfungwa, na mimi nimemfungulia lango. Ombui akapiga makofi.

Sisi Wasabato tunalima chai na hatuinywi, angalau si hadharani. Leo nimekunywa vikombe viwili vya chai nyeusi mbele ya watu, na hakuna aliyesema neno. Hayo ndiyo madaraka.

Ijumaa, 16 Agosti

Naandika hili kwa shida.

Asubuhi nilikuwa kwenye kituo cha kuuzia majani ya chai, foleni ndefu, lori limeshafika. Bosibori, mkaza mwana wa Mzee Abner, akapita barabarani anakimbia bila viatu. Hakuingia kwangu. Aliingia kwa Drusilla.

Habari nilizipata baadaye kwa vipande. Tangu jana mzee alikuwa na kiu isiyokatika, anamaliza mtungi, anatoka nje kila mara. Usiku alitapika. Kulipokucha hakuamka vizuri. Alisema maneno yasiyoungana, na pumzi yake ilinuka kama matunda yaliyooza. Drusilla aliuliza swali moja tu: amekula nini. Bosibori akamwambia ukweli. Uji kwa Machogu, yaani mimi, na tangu Alhamisi ya wiki jana kibuyu kizima cha asali chini ya kitanda. Kila walipomkataza aliwajibu kwamba ana ruhusa.

Niliwaona wakija. Vijana wanne wamembeba kwa kiti. Drusilla alitangulia, akasimama katikati ya barabara mbele ya lori lililokuwa linaanza kuondoka, mikono pembeni. Dereva akafunga breki. Wakamlaza mzee juu ya magunia ya majani. Drusilla akapanda pamoja naye, akamweka kichwa mapajani mwake.

Mimi nilikuwa nyuma ya mizani. Niliinama kama mtu anayefunga kamba ya kiatu. Nilikuwa nimevaa gambuti. Drusilla aliniona. Lori likaondoka.

Nyumbani nilimkuta Nyamoita anafunga chupa ya uji mwepesi wa kupelekwa hospitalini. Nikaanza kumweleza kwamba ugonjwa wa wazee una mambo mengi. Akaendelea kufunga. Kisha akasema, "Baba Kemunto, mzee yule ndiye aliyekufundisha kusoma."

Basi.

Nimekaa katikati ya michai yangu mpaka mvua ikaninyeshea. Nilikuwa nauona mkono wake ukining'inia pembeni ya gunia. Mkono ule ndio ulioushika wangu, miaka thelathini na tano iliyopita, nikaandika herufi ya kwanza ya jina langu. Nilisali. Nilisema kama akipona nitafanya chochote, hata kuchambua mboga.

Jumapili, 18 Agosti

Amepona! Au tuseme, yuko hai. Jana saa ya ibada zilikuja habari kwamba amefungua macho akauliza nani anahubiri.

Leo nimekwenda kumwona. Nilichukua mayai. Wodini nilimkuta Drusilla amelala amekaa, kichwa kimeegemea ukuta. Siku tatu hajarudi nyumbani. Nikapita kwa kunyata.

Mzee amekuwa mdogo kitandani. Mpira wa dripu mkononi. Nilikuwa nimetayarisha maneno ya kueleza tofauti kati ya asali ya nyuki wakubwa na ya nyuki wadogo, lakini alinyanyua kidole, kama darasani, nikanyamaza.

Alizungumza polepole sana. "Machogu. Mimi nilifundisha sayansi miaka thelathini. Nilijua asali ni nini. Nilikuwa namtafuta mtu wa kunipa ruhusa, nikakupata wewe."

Halafu akageukia ukuta.

Nimetoka pale nimepata nguvu mpya. Nilikwenda nikidhani atanilaumu. Kumbe alikuwa ananitafuta. Miaka thelathini ya sayansi, na katika watu wote aliowafundisha ni mimi niliyepatikana. Nimefikiri tena pia juu ya ule uji. Ulikuwa na ndizi. Huenda ni ndizi.

Ile ahadi ya kuchambua mboga niliitoa nikiwa nimelowa. Mtu aliyelowa hawezi kufunga mkataba.

Jumamosi, 24 Agosti. Sabato

Kijitabu kimetoka. Kinaitwa Chungu cha Kila Mtu. Kurasa ishirini na nne, bado kinanuka wino. Kila chakula kina jina la aliyekileta na la ugonjwa unaokihitaji. Chinsaga ya Bosibori kwa mwenye presha. Boga la maziwa kwa mwenye vidonda, limeletwa na Nyamoita, limejaribiwa kwa mume wake, ambaye hakushukuru. Ugali wa kupima kwa kikombe, kwa mwenye sukari.

Nikatazama jalada kuona mwandishi. Mwandiko ule naujua. Ndio unaoandika majina kwenye magunia ya mahindi yetu. Umeandikwa na Nyamoita Machogu.

Jumatano zote zile alikuwa anaandika! Kwa Kiswahili, safi, hata nukta ziko mahali pake. Nilimuuliza amejifunza lini. Akasema mtu akiachwa peke yake na redio na mume anayeongea, atajifunza tu. Nimehamishia shajara hii ndani ya kopo la mbegu.

Lakini tutazame upande mzuri. Jina langu liko kwenye jalada. Ni la pili, lakini liko.

Na si hilo tu. Ukurasa wa mwisho wote unahusu kazi yangu. Umeandikwa kwa herufi kubwa: ASALI NI SUKARI. MAJI YA MAJIVU NAYO NI CHUMVI. UKIMPATA MTU ANAYEKURUHUSU KILA KITU, MUULIZE YEYE ANAPIKIWA NA NANI. Hakuna mtu mwingine aliyepewa ukurasa mzima.

Mchungaji Mogire akauliza mbele ya kanisa kama kuna ndugu mwenye neno moyoni kuhusu mambo ya wiki mbili hizi. Akatua. Watu wakageuka kunitazama. Mzee Abner alikuwa benchi la mbele, amefunikwa blanketi, fimbo mkononi. Nikasimama. Nikawashukuru wote kwa kuitambua kazi yangu, nikasema sitaki makofi.

Hayakuja. Nikasikia ndege juu ya bati. Drusilla alikohoa. Nyamoita alitazama viatu vyake. Mzee Abner mabega yalikuwa yanatikisika, sijui kwa kicheko au kwa homa.

Ombui ameniambia nje kwamba amehamia kwa Drusilla. Presha imeshuka, na wamemfundisha kukamulia limau kwenye mboga badala ya chumvi. Nikamwambia mboga hiyo nitaionja siku ya mazishi yake. Akasema ni kweli, ila anataka yawe mbali.

Jumatatu, 26 Agosti

Asubuhi ya leo nilikuwa nimeketi barazani peke yangu, moyo umeanguka kidogo, nikila maharage ya pilipili ambayo daktari hahitaji kuyajua. Akaingia mgeni. Anaitwa Angwenyi, ametoka Marani. Ameamka alfajiri. Mtu mnene, mpole, macho yamechoka. Akauliza kama hapa ndipo kwa yule mtaalamu wa Ikonge anayewaruhusu watu.

Habari zangu zimefika Marani!

Ana sukari tangu mwaka jana. Daktari kamkataza karibu kila anachokipenda, na mkewe anashika amri hizo kama askari. Akanieleza huku akinitazama. Ni mtazamo ule ule wa Mzee Abner, nimeuzoea sasa. Mtu akikutazama hivyo huwezi kumfukuza.

Sikukurupuka. Mimi si mtu wa kurudia makosa. Nikamwambia waziwazi, jicho kwa jicho, kwamba asali aiache kabisa. Ni hatari, nimeona kwa macho yangu, nusura imwondoe mwalimu wangu. Akanyong'onyea. Ndipo nikamwonyesha miwa iliyoko nyuma ya nyumba. Nikamwambia atafune asubuhi na jioni, kadiri anavyotaka. Muwa hautoki kiwandani. Muwa hautoki kwa nyuki. Muwa ni jani tu lililonenepa.

Alifurahi mpaka akanishika mikono yote miwili. Nikamkatia mitano ya kubeba.

Nyamoita alikuwa mlangoni, sijui tangu lini. Akamkaribisha mgeni kwa adabu, akampokea ile miwa ili asichoke, akasema atamsindikiza mpaka barabarani. Nimewaona wakishuka. Wamepitia kwa Drusilla, na hawajatoka mpaka sasa.

Sikujua kama njia ya Marani siku hizi inapita huko.